Uchungu wa Mwenzio: Historia ya Huruma Ndani ya Ubongo

Wataalamu wa ubongo wa leo hutenganisha mambo mawili ambayo kwa karne nyingi yalihesabiwa kuwa jambo moja, yaani kuuhisi uchungu wa mtu mwingine na kunyanyuka kwenda kumsaidia. La kwanza linaweza kutokea bila la pili, kama ajuavyo kila aliyewahi kugeuza uso barabarani asimwone majeruhi, na la pili hutegemea sehemu za ubongo ambazo kwa kiasi kikubwa si zile zinazolibeba la kwanza. Msemaji wa Kiswahili huenda asishangae, kwa kuwa katika lugha yake kuona uchungu ni jambo moja na kuingiwa na imani ni jambo jingine. Sayansi ilihitaji zaidi ya miaka 200 kuifikia tofauti hiyo, kwa njia iliyojaa bahati, makosa na majigambo. Katika masimulizi haya jambo la kwanza litaitwa kushiriki hisia, na neno huruma litaachiwa ile hamu ya kumwondolea mwenzio shida iliyompata.

Kutoka Glasgow hadi München, 1759–1909

Mwaka 1759 Adam Smith, ambaye wakati huo alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Glasgow na hakuwa bado amejulikana kwa uchumi, alichapisha kitabu kuhusu hisia za kimaadili kilichoanza kwa kuuliza ni kwa nini mtu, hata awe mbinafsi namna gani, huguswa na hali ya wenzake. Swali hilo lilikuwa na sababu zake. Wanafalsafa wa Uingereza wa karne ya 18 walikuwa bado wanabishana na Thomas Hobbes, aliyefundisha karne moja kabla yao kwamba binadamu huongozwa na maslahi yake mwenyewe, na walitaka kuonyesha kwamba maadili yana mizizi katika maumbile ya mtu. Smith aliitazama miili. Aliona kwamba fimbo inapokaribia kutua juu ya mguu wa mtu, watazamaji huvuta miguu yao wenyewe, na kwamba umati unaomkodolea macho mchezaji aliye juu ya kamba hujipinda na kuyumba pamoja naye pasipo kujitambua. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu hana njia ya kuzifikia hisia za mwenzake moja kwa moja, hivyo hujiweka mahali pake kwa mawazo, na kinachotokea ndani yake ni mwangwi hafifu wa kile anachokisia kuwa mwenzake anakipata.

Mwangwi huo ulikuja kuonekana kwenye picha ya ubongo miaka 245 baadaye, lakini kwanza ulihitaji jina, na jina lilitoka mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1873 Mjerumani Robert Vischer, katika tasnifu yake kuhusu uzuri wa sanaa, alitumia neno Einfühlung, ambalo kwa tafsiri ya karibu ni kujitia ndani ya kitu kwa hisia, ili kueleza jinsi mtu anayetazama nguzo ndefu anavyohisi kana kwamba mwili wake mwenyewe unanyooka. Theodor Lipps wa München alilitoa neno hilo katika sanaa na kulipeleka kwa watu, akidai kwamba uso wa mtu mwenye hasira au furaha huamsha ndani ya mtazamaji msukumo wa kuuiga. Edward Titchener, Mwingereza aliyefundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, akalitafutia mwenzake wa Kiingereza mwaka 1909 kwa kutumia mizizi ya Kigiriki. Athari ya asili hiyo haikwisha: neno lililozaliwa kwa ajili ya kutazama nguzo na michoro lilibeba daima picha ya mtu aliyekaa akitazama, na kwa muda mrefu wanasayansi walichunguza macho ya mtazamaji kuliko mikono yake.

Mtaimbo wa Vermont, 1848–1868

Wakati wanafalsafa wakiendelea na maneno yao, ajali moja ilikuwa imekwisha kuuingiza ubongo katika habari hii. Tarehe 13 Septemba 1848, karibu na mji wa Cavendish katika jimbo la Vermont, msimamizi wa ujenzi wa reli aliyeitwa Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti ndani ya mwamba kwa mtaimbo wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 1 na uzito wa takriban kilo 6. Baruti ililipuka kabla ya wakati, na mtaimbo ukampenya chini ya shavu la kushoto, ukapita nyuma ya jicho na kutokea utosini. Gage hakufa. Daktari aliyemtibu, John Harlow, aliandika mwaka 1868 kwamba mtu aliyekuwa mpole na mwenye mipango alirudi akiwa mkali wa maneno, kigeugeu na asiyewajali wenzake, hata rafiki zake wakasema kwamba si Gage tena.

Masimulizi hayo yametiwa chumvi nyingi katika vitabu vilivyofuata. Gage alipata kazi ya kuendesha magari ya farasi nchini Chile, akaifanya kwa miaka kadhaa kabla ya kufariki mwaka 1860, na mtu asiyejali wenzake kabisa asingeaminiwa na abiria kwa muda wote huo. Hata hivyo dai la Harlow lilibaki na uzito, kwa sababu liliashiria kwamba namna mtu anavyowathamini wengine inaweza kuharibiwa kwa kidonda katika sehemu maalumu ya ubongo, wakati akili, usemi na nguvu zikibaki. Fuvu lilihifadhiwa pamoja na mtaimbo wake, na mwaka 1994 Hanna Damasio na wenzake walilipima na kukadiria kwamba chuma kilipita katika sehemu ya chini ya katikati ya ubongo wa mbele, juu tu ya macho. Wengine baadaye walishikilia kwamba ni upande wa kushoto pekee ulioumia. Sehemu hiyo itarudi mwishoni mwa masimulizi haya.

Panya, kima na chumba cha peke yake, 1959–1981

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, saikolojia ya Marekani ilitawaliwa na mkondo uliokataa kuzungumzia hisia za ndani na kuhesabu matendo peke yake. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba ushahidi wa mwanzo wa huruma kwa wanyama ulitokana na vyombo vya mkondo huohuo. Mwaka 1959 Russell Church aliwafundisha panya kubonyeza kitufe ili wapate chakula, kisha akapanga kila mbonyezo uambatane na umeme unaompiga panya wa kizimba cha jirani. Wabonyezaji walipunguza kasi, na waliokuwa wamewahi kupigwa umeme pamoja na wenzao ndio waliojizuia zaidi. Waswahili husema kitanda usicholala hujui kunguni wake. Panya hao walikwisha kulala.

Mwaka 1964 Jules Masserman na wenzake wa Chicago walikwenda mbali zaidi kwa kutumia kima wa Asia wa jamii ya makaka. Kima alikuwa na minyororo ya kuvuta ili apate chakula, mmoja ukitoa chakula kingi pamoja na umeme kwa mwenzake aliyekuwa ng'ambo ya kioo. Wengi waliuepuka mnyororo huo, na mmoja wao aliacha kuvuta kwa siku 12, akikaribia kufa kwa njaa kuliko kumwumiza mwenzake. Majaribio ya namna hiyo leo yasingepewa kibali na kamati yoyote ya maadili, lakini yaliacha swali lisilozimika: ikiwa kiumbe asiye na lugha wala dini anakataa kula kwa gharama ya mwenzake, basi kizuizi hicho kimejengwa ndani ya ubongo wake kwa namna fulani. Porini nako mambo yalionekana. Huko Gombe, magharibi mwa Tanzania, homa ya mapafu iliua sokwe kadhaa mwaka 1987, na dume kijana aliyepewa jina la Spindle alimbeba na kumlea Mel, yatima wa miaka mitatu ambaye hakuwa wa ukoo wake wa karibu.

Kwa upande wa binadamu, mauaji ya Kitty Genovese jijini New York mwezi Machi 1964 ndiyo yaliyogeuza mkondo. Gazeti moja kubwa liliripoti kwamba watu 38 walitazama bila kufanya lolote, idadi ambayo baadaye ilithibitika kuwa imekuzwa mno, lakini habari hiyo iliwasukuma John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Mwanafunzi alikaa katika chumba cha peke yake akizungumza na wengine kwa vipaza sauti, kisha akasikia mmoja wao akishikwa na kifafa. Wale walioamini kwamba hakuna mwingine anayesikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kwamba wapo wengine 4 wanaosikia, ni 31% tu. Waliobaki ndani hawakuwa wameghafilika, kwani wengi wao walikutwa wakitetemeka na viganja vikiwa vimelowa jasho. Mtu angeweza basi kuujua uchungu wa mwenzake, kuuhisi hadi kutetemeka, na bado asinyanyuke kitini.

Daniel Batson wa Chuo Kikuu cha Kansas alilishika jambo hilo kwa upande wa pili. Mwaka 1981 yeye na wenzake walionyesha wanafunzi picha za televisheni za msichana aliyedhaniwa kuwa anapigwa umeme, wakawapa nafasi ya kuchukua mahali pake. Waliokuwa wamehangaishwa tu na tukio walikubali iwapo walilazimika kutazama hadi mwisho; wakiruhusiwa kuondoka mapema, wengi waliondoka. Waliomwonea huruma yeye mwenyewe walijitolea hata mlango ulipokuwa wazi. Kwa hiyo kulikuwa na hisia mbili zinazofanana kwa nje, moja ikitafuta kumponya mtazamaji na nyingine ikitafuta kumponya anayeumia, lakini hakuna aliyejua ni wapi katika ubongo njia zao zinapoachana.

Karanga za Parma, 1992–1999

Jibu la mwanzo lilipatikana kwa bahati nchini Italia. Katika Chuo Kikuu cha Parma kundi la Giacomo Rizzolatti lilikuwa likipachika nyaya nyembamba mno kwenye ubongo wa makaka, katika eneo la gamba, yaani tabaka la nje la ubongo, linaloandaa miondoko ya mkono, ili kusikiliza mlio wa seli moja moja za neva wakati mnyama akishika karanga au zabibu kavu. Seli hizo zilitarajiwa kulia mnyama anaposhika kitu. Baadhi yao zililia pia mnyama alipokuwa ametulia, mikono chini, akimtazama mtafiti akikiokota kitu hicho kutoka kwenye sinia. Makala ya kwanza ilitoka mwaka 1992 baada ya kukataliwa na jarida mashuhuri lililoona kwamba haitawavutia wasomaji wengi, na mwaka 1996 seli hizo zikapewa jina la seli za kioo, kwa kuwa zilionekana kuakisi tendo la mwingine katika ubongo wa mtazamaji.

Yaliyofuata ni kipindi cha shangwe isiyo na breki. Mwaka 2000 mtaalamu wa neva Vilayanur Ramachandran alitabiri kwamba seli hizo zitaifanyia saikolojia kile ambacho DNA iliifanyia biolojia, na kwa miaka kadhaa zikatwishwa kila mzigo: lugha, sanaa, usonji, hata ustaarabu wenyewe. Wakosoaji, Gregory Hickok akiwa mbele, waliuliza swali jepesi, kwamba seli inayolia mtu anaposhika karanga inaeleza nini kuhusu huzuni ya mjane. Swali lilikuwa la haki. Mchango wa kudumu wa Parma ulikuwa kuonyesha kwamba mashine ileile ya ubongo inaweza kutumika kwa ajili ya nafsi na kwa ajili ya mwingine, na wazo hilo likahamishwa haraka kutoka mikononi hadi kwenye maumivu. Mwaka 1999 madaktari wa Toronto waliokuwa wakiwafanyia upasuaji wagonjwa walio macho waliripoti juu ya seli katika singuleti, yaani gamba lililojikunja mithili ya mshipi katikati ya ubongo, juu ya daraja linaloziunganisha nusu zake mbili. Seli hiyo iliamka mgonjwa alipochomwa sindano kidoleni, na iliamka tena alipomwona daktari akijichoma chake.

London, 2004

Kilichowezesha hatua iliyofuata kilikuwa ufundi. Mwaka 1990 Seiji Ogawa alikuwa ameonyesha kwamba mashine ya MRI inaweza kufuatilia mabadiliko ya oksijeni katika damu ya ubongo, na kwa kuwa sehemu inayofanya kazi huletewa damu zaidi, ubongo wa mtu mzima mwenye afya ungeweza sasa kutazamwa akiwa macho bila kufunguliwa fuvu. Tania Singer, Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi University College London, aliitumia mashine hiyo kwa namna iliyokuwa rahisi na ya kijasiri. Aliwaalika wapenzi jozi 16. Mwanamke alilala ndani ya mashine, mwanamume akakaa kando yake, na mikono ya wote wawili iliwekwa juu ya ubao ulioinamishwa ambao mwanamke aliuona kwa msaada wa kioo. Kila mkono wa kulia ulifungwa kifaa cha umeme. Kisha alama zenye rangi zilitokea kwenye skrini na kumjulisha mwanamke ni nani atakayeumia, yeye au mpenzi wake, na kama maumivu yatakuwa makali au ya kugusa tu. Uso wa mwanamume haukuonekana wala sauti yake haikusikika; alichokuwa nacho mwanamke ni mkono uliotulia na rangi kwenye skrini.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 ndiyo yaliyoipa nadharia ya Smith mahali pa kukaa. Mwanamke alipoumizwa mwenyewe, uliwaka mtandao mpana unaohusika na maumivu, ukiwemo ukanda wa gamba unaotambua ni sehemu gani ya mwili iliyochomwa na kwa nguvu kiasi gani. Mpenzi wake alipoumizwa, ukanda huo ulinyamaza, lakini sehemu mbili ziliwaka tena karibu mahali palepale: singuleti ya mbele na insula ya mbele. Insula ni kipande cha gamba kilichozama ndani ya mkunjo wa pembeni mwa ubongo, ambacho hupokea habari za hali ya mwili kwa ndani, kama mapigo ya moyo, kichefuchefu na joto. Kwa lugha nyingine, mtazamaji alipata adha ya maumivu bila mchomo wake. Na wale waliopata alama za juu kwenye dodoso la kupima jinsi mtu anavyoguswa na hali za wengine ndio ambao sehemu hizo mbili ziliwaka zaidi.

Mpira na mipaka ya mwangwi, 2006–2010

Haikupita miaka miwili kabla mwangwi huo haujaonyesha upendeleo. Mwaka 2006 Singer na wenzake waliwachezesha washiriki mchezo wa fedha pamoja na watu wawili, mmoja mwaminifu na mwingine mdanganyifu, kisha wakawaonyesha wote wawili wakiumizwa. Kwa wanaume, insula ilipoa mdanganyifu alipopata maumivu, na mahali pake ikaamka sehemu ya ndani inayohusika na raha na malipo. Mwaka 2009 watafiti wa Beijing waliripoti kwamba singuleti za Wachina na za Wazungu ziliitikia kwa nguvu zaidi uso wa mtu wa rangi yao ulipochomwa sindano. Taiwan, madaktari wanaotibu kwa sindano walitazama sindano zikiingia mwilini bila mtandao wa maumivu kuamka kama ulivyoamka kwa watu wengine, jambo ambalo kwa daktari ni heri, kwa kuwa mkono unaotetemeka haumfai mgonjwa.

Jaribio lililoufunga ukurasa huo lilifanyika Zürich na kuchapishwa mwaka 2010. Grit Hein, Singer na wenzao waliwachukua mashabiki wa timu za mpira zenye uhasama na kuwapa njia tatu kila shabiki mwingine alipokaribia kuumizwa: kumsaidia kwa kuchukua nusu ya maumivu, kukaa na kutazama, au kuangalia video ya mpira. Insula iliyowaka kwa shabiki wa timu yao ilitabiri nani angejitolea. Kwa shabiki wa timu pinzani, kuamka kwa ile sehemu ya raha kulitabiri nani angekataa. Mkuki kwa nguruwe, husemwa, na sasa nguruwe alikuwa na jezi.

Mtawa ndani ya mashine, 2007–2014

Katika miaka hiyohiyo lilitokea tukio dogo lililobadilisha fikra za Singer mwenyewe. Mwaka 2007, katika maabara ya Rainer Goebel mjini Maastricht, Matthieu Ricard, Mfaransa aliyeacha biolojia na kuwa mtawa wa Kibudha, aliingia ndani ya MRI na kuombwa aamshe hisia zake za huruma. Singer alitazama skrini akitarajia kuuona mtandao wa maumivu, na hakuuona. Palipowaka palikuwa mahali pengine kabisa, katika njia zinazohusishwa na upendo na malipo. Ricard akaulizwa alikuwa akifanya nini, akaeleza kwamba alikuwa akiwatakia heri wanaoumia. Akaombwa basi asiwatakie chochote, ashiriki maumivu yao tu, akikumbuka filamu aliyoiona kuhusu watoto yatima wa Romania. Mtandao uliotarajiwa ukawaka, na baada ya muda Ricard akasema amechoka na hawezi kuendelea. Aliporuhusiwa kurudi kwenye huruma, nguvu zikamrudia.

Mtu mmoja, tena mwenye mazoezi ya maelfu ya saa, si ushahidi wa kutosha. Olga Klimecki na Singer waliwafundisha watu wa kawaida, kwanza kushiriki uchungu wa wengine, kisha kuwahurumia, na kupima ubongo wao kila walipotazama video za watu wenye mateso. Mafunzo ya kwanza yaliongeza huzuni pamoja na mwako wa insula na singuleti. Mafunzo ya huruma yaliyofuata yalipunguza huzuni hiyo na kuamsha sehemu ya chini ya ubongo wa mbele, juu ya macho, pamoja na kiini cha malipo kilichofukiwa chini ya gamba. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014, na tofauti aliyoiona Batson katika matendo ya wanafunzi wa Kansas ilikuwa sasa imepata ramani yake. Wauguzi wanaochakaa kazini, ambao desturi iliwaita watu waliochoshwa na huruma, huenda wamekuwa wakichoshwa na jambo jingine: uchungu unaoingia bila njia ya kutokea.

Panya warudi, 2011–2020

Picha za MRI zilikuwa na udhaifu usiofichika, kwamba zinaonyesha kilichowaka bila kuthibitisha kwamba ndicho kilicholeta tendo. Insula huwaka mtu anapoonja kitu kichungu, anaposhtuka au anapohesabu mapigo ya moyo wake, na mwaka 2016 kundi la Tor Wager lilionyesha kwamba ukichunguza mchoro mzima wa mwako, maumivu ya mwenyewe na ya mwingine hayafanani kama ilivyodhaniwa. Njia moja ya kulijibu pingamizi hilo ilikuwa kuyafifisha maumivu ya mtu na kuangalia kama ya mwenzake yatafifia pia. Vienna, mwaka 2015, kundi la Claus Lamm liliwapa washiriki kidonge kisicho na dawa wakiamini ni cha kutuliza maumivu. Maumivu yao yalipungua, na pamoja nayo ukapungua uchungu waliouhisi kwa wengine, lakini athari hiyo ilitoweka walipopewa dawa inayozuia vituliza maumivu vya asili vya mwili. Mwaka uliofuata watafiti wa Ohio waliripoti kwamba miligramu 1,000 za parasetamoli, yaani vile vidonge viwili ambavyo watu wengi humeza kwa kuumwa kichwa, ziliwafanya watu wayaone maumivu ya wengine kuwa madogo zaidi.

Ushahidi mzito zaidi ulitoka kwa panya. Mwaka 2011 Inbal Ben-Ami Bartal, Jean Decety na Peggy Mason wa Chuo Kikuu cha Chicago walimfungia panya ndani ya kibomba cha plastiki chenye mlango unaofunguka kwa nje tu, wakamwacha mwenzake nje bila kumfundisha kitu. Kwa siku kadhaa wa nje alizunguka, akauma kingo, akapenyeza masharubu kwenye matundu. Kisha mlango ukaanguka kwa bahati, na tangu hapo alikwenda moja kwa moja kuufungua. Kati ya panya 30, 23 walijifunza kufanya hivyo. Kibomba kitupu hakikuwashughulisha. Walipowekewa kibomba cha pili chenye vipande 5 vya chokoleti walivifungua vyote viwili, na mara nyingi mfungwa aliachiwa angalau kipande kimoja. Katika jaribio la baadaye, panya aliyepewa dawa ya kuondoa wasiwasi aliufungua mlango wa chokoleti na kumwacha mwenzake ndani, maana yake ni kwamba bila chembe ya mahangaiko hakuna anayenyanyuka.

Mwaka 2014 kundi hilohilo liligundua jambo lingine. Panya weupe hawakuwafungulia wageni wa aina yenye manyoya meusi kichwani, hadi walipokaa na mmoja wa aina hiyo kwa wiki mbili, na baada ya hapo waliwafungulia hata wale wasiowajua. Panya mweupe aliyelelewa na weusi tangu kuzaliwa, asiyewahi kumwona mweupe mwenzake, aliwasaidia weusi na kuwaacha weupe wamefungwa. Ubongo haukuwa umezaliwa na orodha ya nani ni wake, uliiandika kutokana na waliolala naye tunduni.

Huko Amsterdam, Christian Keysers, Valeria Gazzola na wenzao walikamilisha duru mwaka 2019 kwa kuzikuta katika singuleti ya panya seli zinazoamka kwa maumivu ya mwenyewe na ya mwenzake, na kwa kuonyesha kwamba eneo hilo likizimwa kwa dawa, panya haduwai tena mwenzake anapoumizwa. Mwaka 2020 walirudi karibu kabisa na kitufe cha Church: panya waliacha kitufe walichokipenda mara kilipoanza kumpiga umeme jirani, lakini singuleti ilipozimwa waliendelea kukibonyeza.

Figo na mkono unaobana, 2014–2024

Kilichobaki ni upande wa msaada wenyewe kwa binadamu. Abigail Marsh wa Chuo Kikuu cha Georgetown aliwatafuta watu waliotoa figo kwa wasiowafahamu kabisa, tendo ambalo halina faida ya ukoo wala ya jina, na mwaka 2014 alichapisha matokeo ya 19 kati yao. Amigdala yao ya kulia, kijinofu chenye umbo la lozi kilicho ndani ya ubongo kando ya sikio na kinachotambua hatari, ilikuwa kubwa kuliko ya watu wengine na iliamka kwa nguvu zaidi walipoonyeshwa nyuso zenye hofu. Utafiti wa awali ulikuwa umeona kinyume chake kwa watu wenye tabia ya ukatili usio na majuto, ambao amigdala yao haishtuliwi na hofu ya mwingine. Watoa figo wenyewe, walipoulizwa, hawakujiona kuwa watu wa pekee, na walishangaa zaidi kwamba wengine hawafanyi hivyo.

Mwaka 2024 Patricia Lockwood na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa watu walioumia sehemu ya chini ya katikati ya ubongo wa mbele, eneo lilelile ambalo Damasio aliliwekea alama kwenye fuvu la Gage. Kila mshiriki alishika kifaa cha kupima nguvu za mkono na kuulizwa, raundi baada ya raundi, kama angekubali kukibana kwa nguvu iliyotajwa ili kujipatia malipo, au ili malipo yaende kwa mtu asiyemjua. Wenye jeraha hilo walikuwa wagumu zaidi kukubali kubana kwa ajili ya mgeni kuliko watu wenye afya na kuliko waliojeruhiwa sehemu nyingine za ubongo, na hata walipokubali, kipimo kilionyesha kwamba mkono uliojitolea kwa ajili ya mwingine ulibana kwa nguvu kidogo zaidi.